Nusu saa ya jioni usiiache, mpira ndio uupunguze

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kigamboni, si mbali na bahari. Nyuma ya nyumba nina matuta sita, kila moja mita moja kwa nne, nimepanda mchicha, matembele, bamia na nyanya, na barazani nina asumini kwenye chungu. Kila siku baada ya Alasiri huchukua mpira nikamwagilia kwa nusu saa au zaidi, na sina kitu kingine kinachonituliza kama hicho. Siku umeme ukikatika pampu ya kisima haifanyi kazi, basi kesho yake nalipiza. Sasa mchicha unageuka njano kuanzia majani ya chini, nyanya zinaoza kitako, na kijana wangu anasema napoteza maji, afadhali anifungie mipira ya matone inayojifungua na kujifunga yenyewe. Je, ni kweli starehe yangu ndiyo inayoharibu bustani? Na nikisafiri wiki nzima kwenda kuwaona wajukuu, nifanyeje?"

Jibu: Mwalimu, shikamoo. Nimelisoma swali lako mara mbili kwa sababu naona ni maswali mawili yaliyovishwa kanzu moja, la kwanza la maji na la pili la starehe. Nitaanza na la maji kwa kuwa lina hesabu, na hesabu ikishakaa sawa, la starehe litakuwa limejibiwa kwa sehemu kubwa. Kwa ufupi, hakuna haja ya kuacha kumwagilia kwa mkono. Ila maji unayoyatoa yanaelekea kuwa mara tatu ya yale ambayo matuta yako yanahitaji, na mengi yanaangukia juu ya majani badala ya kwenye mashina.

Utaniuliza nimejuaje nami sijafika kwako. Nimekisia, na makisio yangu unaweza kuyapima leo jioni. Chukua ndoo ya lita 20, fungua koki kama ulivyozoea, tia mdomo wa mpira ndani ya ndoo na utazame saa. Mipira mingi ya nyumbani inayopata maji kutoka kwenye simtanki lililowekwa juu ya mnara hujaza ndoo hiyo kwa dakika moja na nusu hadi mbili, ndiyo kusema lita 10 hadi 13 kwa dakika. Tuchukue 12. Nusu saa ni lita 360, yaani madumu 18. Kama ungelazimika kuyachota na kuyabeba madumu hayo kila jioni, ungekuwa umeshajiuliza zamani kama mchicha kweli unayahitaji yote, lakini mpira haulemei mkono, na kitu kisicholemea mkono ni vigumu kukipimia.

Sasa tuangalie mahitaji. Wataalamu wa kilimo hupima maji kwa milimita, kama mvua, na uzuri wake ni kwamba lita moja ikimwagwa sawasawa juu ya mita moja ya mraba huwa ni milimita moja kamili. Katika mwambao wetu bustani ya mboga iliyokwisha kufunika udongo hutumia takriban lita nne kwa kila mita ya mraba kwa siku wakati wa kipupwe, na lita tano au kuzidi kidogo katika joto la kaskazi la Januari na Februari. Matuta yako sita ni mita za mraba 24. Ukizidisha kwa tano unapata lita 120, madumu sita. Lita 240 zinazobaki haziendi kwa mmea. Sehemu hutiririka kutoka mgongoni mwa tuta kwenda kwenye vijia unavyopita, ndiyo maana vijia vyako pengine vina magugu mazuri kuliko mboga, na sehemu hushuka moja kwa moja chini ya mizizi, kwa sababu udongo wa Kigamboni karibu na bahari ni kichanga, na kichanga hakishiki maji mengi. Tabaka la sentimita 30 za juu, ambamo mizizi ya mboga hufanya kazi kubwa, huweza kuhifadhi milimita 20 hadi 30 tu ambazo mmea unaweza kuzinyonya. Ukizidisha hapo, hujazi ghala. Unamimina juu ya ghala lililojaa.

Na maji hayo hayashuki mikono mitupu. Nitrojeni iliyomo katika samadi na mbolea ya dukani, ikishageuka kuwa hali ambayo mimea huweza kuinyonya, huyeyuka kirahisi kama sukari kwenye chai na kufuata maji popote yanapokwenda. Mchicha ukikosa nitrojeni hunyang'anya majani yake ya zamani kile kidogo yaliyonacho na kuyapa machanga, kwa hiyo njano huanzia chini na kupanda juu, kama ulivyoeleza mwenyewe kwa usahihi ambao umenifurahisha. Ingekuwa upungufu wa madini ya chuma, njano ingeanzia kwenye majani machanga ya juu. Kwa maneno mengine, samadi uliyoinunua inaelekea kwenye kisima, chako au cha jirani. Kabla ya kununua nyingine, punguza maji kwa wiki mbili, kisha tandaza mboji kidogo juu ya matuta. Majani yaliyokwisha kugeuka njano hayatarudi kijani, hayo yachume tu. Tazama yale mapya yanayotoka.

Nyanya kuoza kitako ni habari nyingine, na watu wengi hukimbilia dawa ya ukungu bila sababu. Lile baka jeusi lililobonyea chini ya tunda, kama kwamba mtu amelikalisha juu ya kaa la moto, si ugonjwa wa kuambukiza. Ni upungufu wa madini ya kalisi ndani ya tunda, na mara nyingi kalisi yenyewe imo udongoni. Kalisi husafiri ndani ya mmea pamoja na maji peke yake, na sehemu kubwa ya maji huvutwa na majani yanayopumua, si na tunda. Siku mizizi inapokauka, tunda ndilo linalokosa zamu yake, na kitako, kilicho mbali kabisa na kikonyo, hukosa kwanza. Sasa rudi kwenye maelezo yako: umeme ukikatika nyanya zinakaa kavu siku nzima, kesho yake unalipiza. Mmea haujui kulipwa fidia. Maji ya ghafla baada ya ukavu hupasua hata matunda yaliyokuwa mazima. Dawa yake ni kuwa na akiba ya madumu kadhaa kivulini kwa ajili ya siku za giza, na kuzipa nyanya kiasi kilekile kwa vipindi vilevile.

Nina shaka na kitu kimoja zaidi, nacho ni kisima chenyewe. Visima vifupi karibu na bahari mara nyingi huwa na maji ya chumvi chumvi, na hali huzidi kiangazi kinapoendelea. Yaonje. Angalia kama sabuni inatoa povu kwa shida, na kama juu ya udongo wa matuta, hasa kwenye kingo, kunatokea ukoko mweupe asubuhi maji yanapokuwa yamekauka. Chumvi huzuia mizizi kuvuta maji na pia hushindana na kalisi, kwa hiyo huongeza kuoza kitako. Kama ukoko upo, mara moja kwa mwezi lipe kila tuta maji maradufu kwa makusudi ili yasukume chumvi chini, kisha urudi kwenye kipimo cha kawaida. Masika yakifika mvua itaifanya kazi hiyo vizuri kuliko sisi. Usipande maharage kwenye maji ya namna hiyo, hayavumilii chumvi hata kidogo. Spinachi huvumilia, na minazi, bila shaka, haina habari.

Tukishapata kiasi, linabaki swali la namna ya kukigawa, na hapa ndipo ninapokuwa na pendekezo ambalo natumaini litakufaa wewe na mboga pamoja. Milimita tano kila siku kwa matuta yote hulowesha sentimita chache za juu, jua la kesho yake huzikausha, na mizizi huzoea kukaa juu juu ikisubiri chakula cha kila siku mlangoni. Ni afadhali milimita 10 kila baada ya siku moja. Kwenye kichanga kiasi hicho hushuka kama sentimita 12, na huungana na unyevu uliobaki chini. Lakini najua nikikuambia umwagilie siku moja na kuruka siku moja, nitakuwa nimekunyang'anya jioni zako tatu au nne kila wiki. Basi yagawe matuta kwa zamu. Leo matuta matatu, kila moja madumu mawili. Kesho matatu mengine. Kila jioni unatumia lita 120, kila tuta linapata kinywaji cha kutosha siku yake, na hakuna jioni hata moja utakayokosa kushika maji. Ulifundisha miaka mingi, kwa hiyo ratiba ya zamu haitakushinda.

Jioni ya kwanza, subiri nusu saa baada ya kumwagilia, kisha chimba kwa jembe dogo au mwiko wa zamani shimo la sentimita 15 kando ya mmea mmoja. Utastaajabu. Nimechimba kwenye bustani nyingi zilizokuwa zinang'aa kwa maji juu, nikakuta sentimita tatu za udongo mweusi uliolowa na chini yake mchanga mkavu kabisa, wa rangi ya kijivu, unaomiminika kwenye vidole kama unga. Sababu huwa ni tuta lenyewe: sisi tumefundishwa kuinua matuta, jambo ambalo ni sahihi wakati wa masika, ila kwenye kichanga wakati wa kiangazi tuta lililoinuliwa humwaga maji pembeni kama paa la nyumba. Lishushe. Fanya kingo ziwe juu kidogo kuliko katikati, kama sinia, ili maji yakae mahali ulipoyaweka.

Kuhusu vifaa, ningekuomba uuweke mpira kando kwa mwezi mmoja na utumie keni, ile ya kumwagilizia yenye kichwa cha matundu, ya lita 10. Keni nne kwa tuta. Maji yake huanguka laini, hayachimbui miche, hayarushi mchanga juu ya majani ya mchicha ukaja kuutafuna jikoni, na uzito wake unakukumbusha kila mara kwamba kumi ni kumi. Kama mgongo hauruhusu kubeba keni iliyojaa, ijaze nusu. Au endelea na mpira lakini uulaze mdomo wake chini kwenye shina, na uhesabu muda kwa kipimo cha ndoo ulichokipata. Kwa lita 12 kwa dakika, lita 40 za tuta moja ni dakika tatu na ushei. Na tahadhari moja juu ya mpira uliolala juani tangu asubuhi: maji ya kwanza yanayotoka humo ni ya moto kiasi cha kuunguza miche. Yamwage kwanza ndooni mpaka mkono uyakubali.

Saa ya kumwagilia imezungumzwa mno kupita umuhimu wake. Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba matone ya maji juu ya jani wakati wa jua kali hugeuka kioo cha kukuza na kuliunguza jani. Mwaka 2010 watafiti wa Hungary walilipima jambo hilo wakaona kwamba kwenye majani laini yasiyo na manyoya matone hayaunguzi, kwa sababu jua hukusanyika chini mno ya uso wa jani. Mchana haufai kwa sababu nyingine ya kawaida tu, kwamba maji mengi hupotea hewani kabla ya kuzama. Asubuhi na mapema ndio wakati bora kuliko yote. Jioni yako haina ubaya pia, mradi majani yasilale na maji usiku kucha, kwa kuwa vijidudu vya bakajani na ndugu zake huhitaji saa kadhaa za unyevu juu ya jani ili viote na kupenya. Ukimwagilia chini kwenye shina muda wa saa kumi na moja, kile kidogo kitakachorukia majani kitakuwa kimekauka kabla ya usiku kuingia. Nyanya hasa ziondolee majani yote yanayogusa udongo.

Kisha tandaza matandazo. Nyasi kavu zinafaa, makuti yaliyokatwakatwa yanafaa, na kwenu huko makumbi ya nazi yanapatikana kwa wauza nazi kwa kuomba tu. Makumbi ukiyachambua na kuyaloweka, kisha ukayapanga juu ya tuta kwa unene wa vidole vitatu, hukaa na unyevu kama sponji na kuzuia mchanga kuruka. Tunza nafasi kidogo kuzunguka shina, lisizibwe.

Mwalimu, sasa tumefika kwenye starehe. Hesabu ya hapo juu inaonyesha kwamba maji yenyewe, kwa mpira, yatakuchukua dakika kama kumi. Una dakika ishirini zilizobaki katika nusu saa yako, na mimi nakusihi usizirudishe ndani ya nyumba. Hizo ndizo dakika zenye faida kubwa kuliko zote, na naamini ndizo ulizokuwa unazifuata tangu mwanzo, mpira ukiwa ni kisingizio tu cha kusimama pale.

Anza na harufu. Ile harufu inayopanda udongo mkavu unapopata maji ya kwanza, ambayo wanasayansi wawili wa Australia waliipa jina la kitaalamu mwaka 1964, kwa sehemu kubwa hutokana na kemikali iitwayo jeosmini, inayotengenezwa na bakteria waishio ardhini. Pua ya binadamu huitambua hata ikiwa chache mno hewani kuliko harufu nyingi nyingine. Kina mama waliowahi kubeba mimba hawahitaji kuambiwa. Wako waliosimama kando ya tuta lililolowa wakatamani kulilamba. Lakini harufu hiyo pia ni kipimo: hupanda kwa nguvu pale udongo ulipokuwa mkavu kweli. Tuta likimwagiliwa lisinukie kitu, ujue lilikuwa bado lina maji, na zamu yake ingeweza kusubiri kesho.

Kuna jambo jingine ambalo hutaliona jioni, itabidi siku moja utoke alfajiri. Kabla jua halijachomoza, tazama kwenye ncha na kingo za majani ya nyanya, na kwenye magimbi kama unayo. Utaona matone yamejipanga moja moja, kila moja mahali pake, kana kwamba mtu amepita na sindano ya kutilia maji. Watu huyaita umande, lakini umande hulala jani zima bila kuchagua. Haya yametoka ndani ya mmea: usiku majani yanapopumzika kupumua, mizizi huendelea kusukuma, na maji yanayozidi hutokea kwenye vijitundu maalumu vya ukingoni. Matone hayo yakiwepo, mmea umeshiba. Mimi nimefanya kazi ya ubwana shamba kwa miaka mingi na bado nikiyakuta huinama kuyahesabu, wala sioni haya kulisema.

Mchana mambo hugeuka. Saa nane utaona majani ya nyanya na mpapai yamelegea, na mkono utakuwasha kushika mpira. Jizuie. Jua linapokuwa kali mmea hupoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuleta, hata kama imekaa kwenye udongo uliolowa, na kulegea ni namna yake ya kujikunyata. Tia kidole cha shahada udongoni mpaka kiungo cha pili. Kikikutana na ubaridi na chembe zikishikamana na ngozi, acha. Mmea ulionyauka kwa kiu ya kweli utakuwa bado umelegea saa kumi na mbili asubuhi inayofuata. Na ukiwa umelegea asubuhi huku udongo umelowa, tatizo ni la mizizi, ung'oe mmoja uangalie kama mizizi ina vinundu vya minyoo fundo, ambao hupenda sana mchanga wenu.

Najua ugumu wa kujizuia. Nilipoanza kazi nilikabidhiwa kitalu cha miche ya hoho, nami kwa bidii ya ujana nikawa nakimwagilia asubuhi, mchana na jioni. Siku ya kumi na mbili nikakuta miche imelala chini safu kwa safu, kila shina limenyong'onyea pale linapogusana na udongo, jembamba kama uzi, huku majani ya juu yakiwa bado ya kijani. Ulikuwa kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaostawi kwenye kitalu kilicholowa wakati wote. Miche ile haikuuawa na uzembe. Iliuawa na mapenzi, na tangu siku hiyo kidole changu hutangulia kopo.

Katika dakika zako ishirini geuza pia majani, mawili matatu kwa kila tuta. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka shina la bamia kwa shughuli nyingi, tazama chini ya majani machanga, kuna vidukari wanaowatolea utamu. Ukigusa nyanya ukaruka wingu dogo la vijidudu vyeupe kama majivu, hao ni nzi weupe. Jani la nyanya lenye michirizi myeupe iliyopanuka kama mtu amepitisha ulimi ndani ya ngozi ya jani ni dalili ya kantangaze, mdudu aliyeripotiwa nchini mwaka 2014 na ambaye ukimkuta kwenye jani moja unalichuma na kulichoma, lakini ukimkuta wiki mbili baadaye, unachoma shamba. Na ukiwa umetulia bila kelele za mpira, chozi watakuja. Ndege hawa wadogo wenye mdomo uliopinda hupenda kuoga kwenye majani mapana yaliyobakiza maji, hujibwaga juu ya jani na kujisugua kama mtoto kwenye karai. Nimeshamwona mmoja akirudi jani lilelile la mgomba jioni tatu mfululizo.

Hapo ndipo ninapopata jibu la kumpa kijana wako, ambaye kwa upande wa maji hakukosea. Umwagiliaji wa matone ni ufundi mzuri. Huko Israel ulianza kuuzwa katikati ya miaka ya 1960, na inasimuliwa kwamba mhandisi aliyeubuni, Simcha Blass, alipata wazo baada ya kuona mti mmoja umestawi kupita wenzake, akafukua na kukuta bomba linavuja tone tone. Kwa maji ya kisima chako, hata hivyo, vijitundu vya mipira hiyo vitaziba mara kwa mara kwa mchanga na magadi, itabidi pawe na chujio na mtu wa kulisafisha. Na mpira wa matone hauwezi kugeuza jani. Mwambie akufungie kwenye matuta mawili ya nyanya tu, kwa kuwa ndizo zinazotaka maji ya kipimo kimoja bila kulowesha majani, na bila ile saa ya kujifungua yenyewe: weka koki, uifungue na kuifunga kwa mkono wako. Matuta manne yaliyobaki ni yako na keni.

Kwa safari ya wiki moja, tafuta mitungi midogo ya udongo iliyochomwa, isiyopakwa rangi wala kung'arishwa, ya lita tano hivi. Izike katikati ya tuta mpaka shingoni, miwili kwa kila tuta, ijaze maji na uifunike kwa kigae. Maji hupenya ukutani taratibu kadiri udongo wa nje unavyokauka, na udongo ukishalowa hupunguza kasi yenyewe. Wakulima wa China walikuwa wakiitumia njia hii zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mitungi miwili haitoshi kulisha tuta zima wiki nzima, kwa hiyo mwombe jirani aijaze mara mbili. Hiyo ni kazi ya dakika tano ambayo mtu hawezi kuikosea, tofauti na kumwachia mpira. Mwagilia kwa kina siku ya kuondoka, ongeza matandazo, na uchume mchicha wote uliokomaa uwapelekee wajukuu.

Imebaki asumini ya barazani. Mmea wa kwenye chungu haufuati zamu ya matuta, kwa sababu mizizi yake haina mahali pa kukimbilia: upe maji mpaka yatokee kwenye tundu la chini, kisha usubiri kidole kikute ukavu kwenye kiungo cha kwanza kabla ya kurudia. Kama maji ya kisima yana chumvi, upe ya mvua au ya bomba. Kisahani kilicho chini ya chungu kimwage na ukisugue kila wiki bila kukosa, maana mbu wa homa ya dengi, iliyotusumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hutaga kwenye maji matulivu ya namna hiyohiyo, na kutoka yai hadi mbu anayeruka haichukui zaidi ya siku saba hadi kumi. Iache asumini iwe ya mwisho katika mzunguko wako, baada ya matuta. Matumba yake yaliyofumba mchana kutwa huanza kufunguka jua linapozama, na ukifika pale na keni yenye maji kidogo muda huo, utayakuta yanaanza.